Semina ya vifungashio ianzie kwenye bidhaa ya mteja

Chukua pakiti ya dagaa wakavu wa nusu kilo, ile ya nailoni nyepesi inayong'aa, uinyanyue kwenye mwanga wa dirisha. Utaona vitundu vidogo kama vilivyochomwa na sindano. Ni vichwa na miiba ya dagaa wenyewe iliyotoboa pakiti safarini kutoka Mwanza. Hewa na unyevu vinapita humo, mafuta ya samaki yanaharibika, na baada ya wiki chache mwenye duka anarudisha mzigo akisema unanuka. Lawama zinamwangukia msindikaji, kwamba hakukausha vizuri. Inawezekana kabisa alikausha vizuri, ila alikosea mfuko.

Pakiti kama hiyo ndiyo inayopaswa kuwa juu ya meza kampuni ya vifungashio inapowaita wafanyabiashara kwenye semina. Niliwahi kukaa kwenye semina ya namna hiyo jijini Dar es Salaam tangu saa tatu asubuhi. Mgeni rasmi alichelewa, hotuba zikafuata, kisha tukaoneshwa picha za kiwanda kwenye ukuta hadi saa saba. Mama mmoja anayesaga unga wa lishe alikuwa amekuja na pakiti zake mbili kwenye mkoba. Aliondoka nazo bila mtu kuziangalia. Kampuni ililipia ukumbi na chakula cha watu zaidi ya mia, na mteja aliyekuja na shida mkononi ikampoteza.

Wateja wapo. Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, tarehe 1 Juni 2019, vifungashio vya bidhaa za viwandani na kilimo viliachwa viendelee, na mwaka 2021 serikali ikavibana vile vidogo visivyokidhi viwango vilivyokuwa vimegeuzwa kuwa mifuko ya kubebea. Msindikaji wa leo anatakiwa ajue anachonunua. Wakati huohuo masoko yanadai zaidi. Parachichi la Njombe linaloenda Ulaya hupangwa kwenye boksi la kilo 4, na boksi likilegea kwa unyevu wa kontena la baridi, yaliyo chini yanapondeka. Korosho iliyobanguliwa hufungwa kwenye mifuko iliyoondolewa hewa, ya kilo 11.34 kila mmoja, kipimo kilichotokana na ratili 25. Hata malighafi nyingine tunazo nyumbani: karatasi ngumu ya kutengenezea mifuko na maboksi inatoka Mgololo, wilayani Mufindi, na chupa za kioo zinatengenezwa Dar es Salaam.

Kinachokosekana ni mtu wa kumweleza mnunuzi, kwa lugha ya kazi yake, kila malighafi inazuia nini. Nailoni ya kawaida, yaani polithini, inazuia unyevu vizuri lakini oksijeni inapenya taratibu. Kwa hiyo unga mkavu utakaa salama humo kwa muda, lakini karanga za kukaanga zitaharibika ladha kwa sababu mafuta yake hayapatani na oksijeni. Karatasi ya khaki peke yake haizuii kimoja wala kingine. Inafaa pale inapobandikwa utando kwa ndani. Foili ya alumini inazuia unyevu, hewa na mwanga, ila ikikunjwakunjwa inapata nyufa. Kahawa iliyokaangwa nayo ina tabia yake: hutoa gesi kwa siku kadhaa, hivyo mfuko wake unahitaji valvu ndogo ya kutoa gesi bila kuingiza hewa, la sivyo unavimba. Mambo haya ukiyaeleza kwa maneno matupu yanasahaulika kabla ya chai ya saa nne. Ukiyaonesha kwa pakiti zilizojazwa miezi miwili kabla ya semina, kila moja na karanga zilezile, mteja akafungua, akanusa na kuonja, hutahitaji kumshawishi.

Kuna jaribio moja ningeliweka katikati ya ukumbi: ndoo ya maji. Kila mgeni aambiwe aje na pakiti zake tatu kama zilivyo dukani. Pakiti inazamishwa na kubanwa kwa mkono; vipovu vikitoka, sili imevuja. Kwa bidhaa za unga, kosa mara nyingi liko mdomoni mwa mfuko. Vumbi la unga limebaki pale mashine inapochoma, na plastiki haikushikana. Kufuta mdomo wa mfuko hakugharimu kitu. Kampuni inayomfundisha mteja hilo, bila kumuuzia chochote siku hiyo, itakuwa ya kwanza kupigiwa simu atakapotaka kuagiza.

Jambo zito zaidi, ambalo wauzaji wengi hulikwepa hadi mwisho, ni oda ya chini. Mfuko uliochapwa kwa mtambo wa silinda unahitaji silinda ya chuma iliyochongwa kwa kila rangi. Rangi sita ni silinda sita, na kwa kawaida mteja ndiye anayezilipia. Kiwanda hakiwezi kuwasha mtambo kwa ajili ya mifuko mia tano. Msindikaji mdogo akisikia idadi anayotakiwa kuagiza, anainuka na kurudi Kariakoo kununua mifuko ya rejareja. Njia zipo, na ziwekwe wazi mapema pamoja na bei. Anaweza kuanza na mfuko mtupu wa kusimama na kubandika lebo ya stika. Au wasindikaji wanane wa siagi ya karanga wakubaliane kopo la ujazo mmoja, waagize pamoja, kila mmoja aweke lebo yake. Semina ndiyo mahali pekee ambapo wanane hao hukutana, kwa hiyo wakalishwe meza moja kwa bidhaa zao, wa asali na wa asali, wa viungo na wa viungo.

Mwaliko umtaje pia fundi wa mashine. Afisa manunuzi anajua bei, lakini anayejua mfuko unakwama wapi ni yule anayesimama mbele ya mashine kutwa nzima. Watu thelathini waliochaguliwa hivyo wana faida kuliko mia mbili waliofuata posho. Waalikwe pia TBS, shirika la viwango, ambao tangu 2019 wanasajili vyakula na vipodozi, na Wakala wa Vipimo kwa suala la uzito unaoandikwa kwenye pakiti. Hawa wapewe meza ya kuulizwa maswali badala ya jukwaa la hotuba, kwa sababu anayeogopa kuuliza mbele ya watu kuhusu lebo yake atauliza pembeni. SIDO, shirika la viwanda vidogo, wana ofisi mikoani na wanawafahamu wasindikaji kwa majina. Orodha nzuri ya waalikwa inaanzia kwao.

Tarehe nayo ifuate msimu. Kumwita mtu wa korosho mwezi Oktoba, mavuno yakiwa yameanza, ni kumchelewesha, maana vifungashio vinavyotoka nje vinasafiri wiki nyingi baharini. Aitwe Juni. Na wiki za maonesho ya Sabasaba ziachwe, kwani wasindikaji wengi huwa mabandani wakiuza.

Siku ya semina kila mgeni aondoke na sampuli za kutosha kujaza bidhaa yake mwenyewe, zikiwa zimeandikwa aina ya malighafi na unene. Baada ya wiki sita apigiwe simu na mtu yuleyule aliyemkabidhi. Katika simu hiyo ndipo oda zinapopatikana.

Kwa hiyo ndugu yangu unayepanga semina ya vifungashio mwaka huu, anza kwa kuwapigia simu wasindikaji kumi, uwaulize bidhaa zao zinaharibikia wapi. Ukumbi utautafuta baadaye.