Bidoni ya Esansi Wakati wa Jua Kali

Mwezi wa kumi mjini Lubumbashi ni mwezi wa jua kali. Mvua haijaanza kunyesha sawasawa, majani yamekauka, na mchana joto hupita digrii 30 hata kivulini. Chini ya paa la bati ni zaidi. Umeme nao hukatika mara nyingi. Basi wenye mashine ya umeme, ile inayoitwa grupu, huiwasha ili nyumba ipate mwanga na firigo iendelee kupoza. Grupu hunywa esansi, na pikipiki hunywa esansi. Ndiyo sababu katika parsele nyingi za Kenya, Katuba na Ruashi huonekana bidoni ya manjano, ile iliyokuwa na mafuta ya kupikia, imesimama nyuma ya mlango au chini ya kitanda. Watu huipita kama wanavyoipita ndoo ya maji.

Lakini esansi si maji, wala si sawa na mazutu, ingawa zote mbili huuzwa mahali pamoja. Mazutu lazima ipate moto hata digrii 55 au zaidi kabla mvuke wake haujaweza kushika cheche. Petroli ya taa huhitaji karibu digrii 40. Esansi haingoji kupashwa moto. Hata katika baridi ya digrii 40 chini ya sifuri, baridi ambayo haijaonekana Katanga tangu zamani, mvuke wake huweza kuwaka. Maji ya Lubumbashi, kwa kuwa mji uko juu mita 1,200 na zaidi, huchemka karibu na digrii 96; sehemu nyepesi za esansi huanza kuchemka karibu na digrii 35 tu. Mtu akiiacha bidoni juani saa nane ya mchana, ni kama ameiweka jikoni.

Kinachowaka si esansi yenyewe ya majimaji, bali ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Mvuke huo hauonekani. Pua peke yake huujua. Tena ni mzito kuliko hewa, mara tatu hata nne, kwa hiyo haupandi juu kama moshi. Hushuka chini, hutambaa sakafuni, hupita chini ya mlango, hukaa katika shimo na katika mfereji. Lita moja ya esansi ikigeuka yote kuwa mvuke, yatosha kukifanya chumba cha mita mbili kwa mbili kuwa chumba cha hatari, toka sakafu hata dari.

Tuseme baba mmoja wa Katuba ameweka bidoni ya lita 20 katika ujia wa nyumba yake. Kifuniko kimepotea, naye ameziba kwa kipande cha nailoni. Mchana kutwa mvuke unatoka polepole na kutambaa chini. Jioni mama anawasha makala katika mbabula nje ya mlango, hatua tano kutoka hapo. Anadhani hatua tano ni mbali. Mvuke umekwisha kufika miguuni pake. Makala yakishika, moto hurudi kwa njia ile ile ambayo mvuke ulijia, mbio kuliko mtu, hata mdomoni mwa bidoni. Jirani watasema moto ulitoka mahali pasipojulikana.

Kuna jambo la pili. Esansi ikipata joto hutanuka. Lita 20 zilizonunuliwa asubuhi yenye baridi, zikipata joto la digrii 20 zaidi, huongezeka karibu theluthi moja ya lita, yaani gilasi nzima ya maji na zaidi. Ikiwa bidoni ilijazwa hata mdomoni, gilasi hiyo itakwenda wapi? Bidoni huvimba tumbo, kifuniko hulegea, esansi humwagika. Kwa hiyo bidoni ya lita 20 isitiwe zaidi ya lita 19. Tena bidoni ya mafuta ya kupikia haikutengenezwa kwa kazi hii. Plastiki yake ni nyembamba, hulegea na kupasuka. Iliyo bora ni ya chuma au ya plastiki nene iliyofanywa kwa esansi, yenye kifuniko cha kukaza. Bei yake ni kubwa, ni kweli. Asiyeweza kuinunua asiweke esansi nyumbani. Anunue kidogo ya siku ile na kuitia moja kwa moja katika tangi la mashine.

Mahali pa kuiweka ni nje ya nyumba ya kulala, mbali na jiko, katika kibanda chenye kivuli ambacho hewa hupita juu na chini. Tundu la chini ndilo la maana, kwa sababu mvuke hukaa chini. Kibanda kifungwe kwa kufuli, watoto wasiingie.

Ajali nyingi hutokea wakati wa kumimina. Umeme umekatika usiku, grupu imenyamaza, baba anakuja na mshumaa mkono mmoja na bidoni mkono mwingine! Grupu izimwe kwanza na kuachwa ipoe, kwani bomba la moshi lililo moto laweza kuwasha esansi iliyomwagikia juu yake. Afadhali tangi lijazwe mchana. Bidoni nayo, ikijazwa, iwekwe chini udongoni, isibaki juu ya pikipiki. Wakati wa ukavu nguo ya nailoni hulia tatata mtu anapoivua. Kicheche kidogo kama hicho chaweza kuzaliwa katika esansi inayotiririka.

Katika miji mingi ya Kongo wauzaji wa esansi wa kando ya barabara huitwa Kadhafi, kwa jina la aliyekuwa mtawala wa Libya, nchi yenye mafuta mengi. Watu hucheka kwa jina hilo. Lakini huko Sange, katika Kivu ya Kusini, njia ya Uvira na Bukavu, hakuna anayecheka akisikia neno esansi. Jioni ya tarehe 2 mwezi wa saba mwaka 2010, lori la tangi lilipinduka hapo kijijini. Watu wengi walikuwa vibandani wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Wengine walikimbilia lori na ndoo kuteka esansi iliyokuwa ikimwagika. Moto ukashika. Walikufa watu zaidi ya 230, na miongoni mwao watoto wengi, hata waliokuwa wameketi tu wakitazama mpira, kwa maana moto uliwafuata. Mwaka 2019 mambo kama hayo yalitokea Morogoro, Tanzania, na waliokufa walipita 100.

Esansi ikiwaka, maji hayafai. Esansi ni nyepesi kuliko maji, huelea juu yake, na maji huuchukua moto na kuupeleka mahali pengine. Mchanga mkavu huuzima moto mdogo kwa kuunyima hewa. Ndoo ya mchanga ikae karibu na kibanda siku zote. Moto ukiwa mkubwa, watu watoke, wasirudi kuokoa kitu.

Tena kuna hatari isiyo na moto. Esansi haiwekwi katika chupa ya limonadi. Mtoto mwenye kiu haulizi. Na watu wazima huvuta esansi kwa mpira kwa mdomo ili kuitoa katika tangi, na mara nyingine huimeza. Aliyeimeza asilazimishwe kutapika, wala kwa vidole, wala kwa mafuta ya mawese, kwani ikirudi juu huweza kuingia mapafuni, na huko ndiko inakoua. Apelekwe upesi hospitali, aketi wima njiani. Na chupa ile ichukuliwe pamoja naye, imefungwa vizuri, ili mganga ajue kama ni esansi, petroli au mazutu.