Mashine ya Kufulia na Uniti za Luku: Nishati Inakwenda Wapi?

Chukua familia inayotumia uniti 70 za umeme kwa mwezi. Hapa Tanzania, mteja wa nyumbani aliye katika kundi la matumizi madogo hulipa bei nafuu kwa uniti zisizozidi 75 kwa mwezi. Zinazozidi hapo hutozwa bei ya juu zaidi. Familia hii imebakiwa na nafasi ya uniti 5 tu. Sasa mama anataka kununua mashine ya kufulia. Nguo zitafuliwa mara 3 kwa wiki, yaani kama mara 13 kwa mwezi. Je, familia itabaki ndani ya uniti 75?

Muuzaji dukani hatakujibu swali hilo, lakini kanuni mbili unazozijua zitakujibu. Ya kwanza: nishati ya umeme ni nguvu katika wati mara muda. Uniti moja ni kilowati 1 inayotumika kwa saa 1, sawa na jouli 3,600,000. Ya pili: kupandisha joto la kilo 1 ya maji kwa nyuzi 1 ya Selsiasi huhitaji jouli 4,200.

Ndani ya mashine kuna walaji wakubwa wawili wa umeme: mota inayozungusha pipa na hita inayopasha maji. Mota tuipe wastani wa wati 150 kwa saa 1. Hiyo ni uniti 0.15. Hita nayo ipashe lita 15 za maji, sawa na kilo 15, kutoka nyuzi 25 za bomba hadi nyuzi 60:

Nishati = 15 × 4,200 × (60 − 25) = jouli 2,205,000

2,205,000 ÷ 3,600,000 = uniti 0.61

Hita imekula mara nne ya mota, na hapo hatujahesabu joto linalopotelea kwenye pipa na nguo zenyewe. Kwa mwezi, mafuo 13 ya nyuzi 60 yanachukua 13 × 0.76, karibu uniti 9.9. Familia inafika uniti 80 na kuvuka mpaka. Ikifulia kwa nyuzi 40, hita inatumia uniti 0.26 kwa fuo moja, na jumla ya mwezi inakuwa uniti 75.4: imevuka, japo kwa chini ya nusu uniti. Ikifulia kwa maji kama yalivyotoka bombani, mashine inakula uniti 1.95 kwa mwezi mzima, na familia inabaki 72. Mashine ni ileile, nguo ni zilezile. Kilichobadilika ni nyuzi za joto peke yake.

Kwa hiyo mtu anayeingia dukani aulize kwanza habari ya hita. Mashine zenye mlango wa mbele karibu zote zina hita. Nyingi za mlango wa juu zinazouzwa kwetu, pamoja na zile za matangi mawili, hazina. Hufulia maji uliyoyatia. Hii haina maana kwamba mlango wa mbele ni mbaya. Pipa lake limelala, huzinyanyua nguo na kuziangusha katika maji machache yaliyo chini, hivyo hutumia maji pungufu sana kuliko mashine ya mlango wa juu, ambayo hujaza tangi mpaka nguo zielee. Anayenunua maji kwa madumu atauona upesi umuhimu wa jambo hilo. Cha msingi ni kuhakikisha mashine ina kitufe cha maji baridi na kukitumia, kwa kuwa nyingi ukiziwasha tu hujipangia zenyewe nyuzi 40 au 60. Maji ya moto yabaki kwa shuka za mgonjwa na nepi za mtoto.

Wengine hudhani kwamba pampu inayopandisha maji kwenye tangi la juu ndiyo inayomaliza Luku. Pima mwenyewe. Kuinua kilo 100 za maji hadi mita 10 kunahitaji 100 × 10 × 10 = jouli 10,000. Kuyapasha maji hayohayo kwa nyuzi 1 tu kunahitaji jouli 420,000. Hata pampu chakavu inayopoteza nusu ya nishati yake haifiki huko.

Sasa kosa linalowakamata watahiniwa wengi. Mashine ina programu ya kubana matumizi inayochukua saa 3, na nyingine ya haraka inayochukua saa 1. Ipi inatumia umeme mwingi? Wengi huandika ya saa 3, kwa sababu nishati ni nguvu mara muda. Wamesahau kwamba nguvu haikai palepale. Hita ya wati 2,000 ikiwaka kwa dakika 20 inakula uniti 0.67, wakati mota ya wati 150 ikizunguka saa 3 inakula 0.45. Programu ndefu hupunguza joto la maji na kuiachia sabuni muda wa kufanya kazi. Ndiyo maana huchelewa, na ndiyo maana hubana.

Mashine nyingi huja na kibandiko cha Ulaya chenye herufi A hadi G, A ikiwa bora. Vibandiko vya zamani, vya kabla ya Machi 2021, vilikuwa na A+++, kwa hiyo usilinganishe herufi ya kibandiko cha zamani na ya kipya. Chini ya herufi kuna namba yenye thamani zaidi: uniti kwa mafuo 100. Tuseme mashine P imeandikwa 50 na mashine Q 75. Kwa mafuo 156 ya mwaka, P inaokoa uniti 39. Uniti ikiwa Sh 350, hiyo ni Sh 13,650 kwa mwaka. Ikiwa P ni ghali kuliko Q kwa Sh 200,000, itachukua zaidi ya miaka 14 kurudisha tofauti, na mashine yenyewe huenda isifike huko. Tena namba hizo zimepimwa kwa programu inayopasha maji. Anayefulia maji baridi ataona tofauti ndogo zaidi. Kwa familia yetu ningechukua Q.

Kasi ya kukamua nayo hutangazwa sana, mizunguko 1,400 kwa dakika na kadhalika. Huko Ulaya ina maana, kwani wengi hukaushia nguo ndani kwa umeme, na kugeuza kilo 1 ya maji kuwa mvuke huhitaji karibu jouli 2,260,000, yaani uniti 0.63. Dar es Salaam kazi hiyo hufanywa na jua bila malipo. Kwa wakazi wa Njombe au Lushoto wakati wa mvua, kasi kubwa ya kukamua inaweza kusaidia.

Uzito nao uangaliwe. Kilo 8 zilizoandikwa ni za nguo kavu, na kuweka nusu ya mzigo hakupunguzi umeme kwa nusu. Familia ya watu watano ijaze pipa kila mara, au inunue dogo.

Jipime

1. Mashine ina hita inayopasha lita 12 za maji kutoka nyuzi 25 hadi 40. Kokotoa uniti zinazotumika. (Jibu: 0.21)

2. Hita ya wati 2,000 imeunganishwa kwenye umeme wa volti 230. Kokotoa mkondo, kisha eleza kwa nini si salama kuitumia kwa waya wa nyongeza uliotengenezwa kwa ampea 5. (Jibu: ampea 8.7, mkondo unazidi uwezo wa waya, hivyo waya hupata joto na unaweza kuungua.)