Mkanda Wenye Nakshi, Chumba Chenye Hewa
Kijana wenu wa Hillbrow akitaka kutengeneza mikanda na ala za bastola zenye nakshi, anunue ngozi iliyotiwa magome ya muwati, mti uleule unaolimwa Njombe na KwaZulu-Natal. Ngozi ya kromu haishiki nakshi vizuri. Ngozi huloweshwa kidogo, hugongwa mihuri, hukaushwa, hutiwa rangi, kisha kingo husuguliwa hadi zing'ae.

Kama muuguzi, nawaonya kuhusu gundi kali na rangi za spiriti. Humu ghorofani chumba kimoja hugawanywa kwa mapazia, na mvuke haujui pazia. Huleta kizunguzungu na kichwa kuuma. Ukivutwa miaka mingi, huharibu neva. Gundi ipakwe roshani, au itumike gundi ya maji, watoto wakiwa mbali.