Je, Wajua? Kulala Chali Nako Ni Zoezi!

Je, wajua kuna zoezi la yoga ambalo kazi yako yote ni kulala chali na kutulia? Linaitwa shavasana, mlalo wa maiti, na kitabu cha Hatha Yoga Pradipika kililitaja tangu karne ya 15! Jina lisikutishe. Achanisha miguu kidogo, viganja vielekee juu, fumba macho, basi.

Unadhani ni mchezo? B.K.S. Iyengar, mwalimu mashuhuri wa India, alitoa kitabu cha mikao 200 mwaka 1966, na huu akauweka mwisho. Kwake, ulikuwa miongoni mwa migumu kabisa kuimudu!

Sasa sikia hili, wewe unayepalilia miwa kule Mumias au Malava. Daktari Alf Nachemson wa Sweden alichoma sindano yenye kipimo kwenye diski za mgongo (mito laini kati ya pingili) za watu hai, akapima mzigo. Tuseme ukisimama wima mzigo ni 100. Ukiinama mbele, unapanda hadi 150. Ukilala chali, 25! Robo tu, ndugu yangu! Mkeka wa jioni baada ya jembe si uvivu hata kidogo.

Na si hayo tu. Ukilala, diski hizo hunywa maji kama sifongo. Mchana hukamuliwa tena. Jipime urefu asubuhi, ujipime tena jioni: umepungua sentimita 1 hivi! Usihofu, ukilala usiku utaurudisha.

Wajua moyo nao hupumzika? Ukisimama, zaidi ya nusu lita ya damu hushukia tumboni na miguuni. Ukilala, hurudi kifuani, na mapigo yanapungua. Shika kifundo cha mkono uhesabu sasa hivi, kisha uhesabu tena baada ya kulala dakika 5. Utashangaa!

Mwaka 1969, Daktari K.K. Datey wa Mumbai alichapisha matokeo ya wagonjwa 47 wa presha aliowafundisha shavasana. Wengi walipata nafuu! Mwaka 1975 Daktari Chandra Patel, huko Uingereza, akapima wagonjwa 34. Waliofunzwa kujilegeza kwa yoga walitoka wastani wa 168/100 hadi 141/84! Walikuwa wachache, ni kweli, lakini tazama tofauti hiyo!

Hapa kwetu, Africa Yoga Project ya Nairobi, iliyoanza 2007, imekuwa ikiwafunza vijana ualimu wa yoga. Sisi wa Kakamega tuna bahati ya ziada: tandika mkeka karibu na msitu wetu, wenye zaidi ya aina 300 za ndege, ulale uwasikilize bure!

Ila mama mwenye mimba ya wiki 28 kwenda juu, lala ubavu. Ukilala chali, mimba hubana mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Nawe mwenye presha, lala chali kila siku ukipenda, lakini dawa za daktari endelea kumeza.