Esansi, hibridi ao umeme: gari gani inafaa barabara za Masisi na Walikale?

Gunia la maharagi likitoka Masisi mpaka soko la Goma, bei yake inabeba mambo mengi: jasho la mkulima, pesa za vizuizi njiani, na mafuta ya gari. Mafuta yakipanda, gunia nalo linapanda. Ni vile vile kwa mama mjamzito anayepelekwa hospitali kwa moto usiku, ao kwa mwalimu anayefuata mshahara wake mbali. Ndiyo sababu habari za magari ya umeme na ya hibridi, zinazosikika sana kutoka Kigali, Kampala na Nairobi, zinauliziwa pia huku: je, yanaweza kupunguza huo mzigo?

Jibu kwa ufupi ni hili: katika barabara ya Sake, Masisi na Walikale, gari ya mazutu ao ya esansi ingali mbele, hata kama inakula pesa mingi. Hibridi inafaa zaidi mjini Goma. Umeme unaweza kuanza, lakini kwa moto kwanza, si kwa gari. Sababu zake si za fasheni. Ni barabara, plagi na fundi.

Aina tatu zinatofautiana wapi?

Gari ya kawaida inachoma esansi ao mazutu ndani ya mota, basi. Gari ya umeme haina tangi. Ina betri kubwa inayochajiwa kwa plagi. Gari ya hibridi, yaani ya mseto, iko na vyote viwili: mota ya esansi, pamoja na mota ya umeme yenye betri ndogo. Toyota Prius, iliyotoka Japani mwaka 1997, ndiyo iliyofungulia nyingine njia.

Watu wengi wanafikiri kwamba hibridi lazima ichajiwe nyumbani. Zile za kawaida sawa vile Prius hazina plagi. Betri yake inajazwa na mota ya esansi, na pia wakati dereva anafunga breki: nguvu ambayo ingepotea kama joto inarudi ndani ya betri. Kuna aina nyingine ya hibridi inayochajiwa kwa plagi, lakini ni ya bei ya juu zaidi.

Hibridi: mjini ndiyo, mlimani kidogo tu

Mjini, ambapo gari inasimama na kuondoka kila mara, faida inaonekana. Gari ndogo ya esansi inaweza kula litri 7 ao 8 kwa kilometa 100. Hibridi ya ukubwa ule ule inaweza kula litri 4 ao 5.

Lakini njia ya Masisi ni milima. Betri ya Prius ya zamani inabeba umeme mdogo sana, kama kilowati-saa 1.3 hivi. Gari ikipanda mlima mrefu, betri inaisha haraka na mota ya esansi inabaki peke yake na uzito wote, pamoja na ule wa betri. Ikishuka, betri inajaa kabla ya kufika chini, na breki za kawaida zinamaliza kazi. Faida iko, lakini si ile ya mjini.

Halafu kuna matope. Prius iko chini sana, sentimita kama 14 tu toka udongo. Land Cruiser na Hilux zinazopita Masisi zina zaidi ya sentimita 20 na zinavuta kwa mipira yote ine. Kwenye mashimo ya msimu wa mvua, hesabu ya mafuta haisaidii kitu kama gari imelala juu ya tumbo lake. Vumbi la kiangazi nalo lina hatari yake: betri ya Prius inapozwa na feni ndogo inayovuta hewa kando ya kiti cha nyuma. Feni hiyo ikijaa vumbi, betri inapata joto na kuzeeka mbele ya wakati.

Gari ya umeme: swali ni plagi

Toka Goma mpaka Masisi-centre ni kilometa kama 80. Kwenda na kurudi ni 160. Gari ndogo ya umeme iliyotumika, yenye betri ya kilowati-saa 24, inaweza kufanya kilometa kama 120 kwenye lami nzuri ikiwa betri ingali na nguvu. Kwa milima na mashimo inafanya chini ya hapo. Ina maana itafika, lakini haitarudi bila kuchajiwa. Kwa plagi ya kawaida ya nyumbani, kuijaza kunaomba saa 10 ao zaidi, na umeme usikatike.

Kivu ya Kaskazini si jimbo lisilo na umeme kabisa. Kituo cha Matebe, wilayani Rutshuru, kilifunguliwa mwaka 2015 na kina megawati zaidi ya 13 zinazotoka kwa nguvu ya maji. Mjini Goma kuna pia umeme wa jua wa kampuni Nuru tangu mwaka 2020. Lakini nyaya hizo hazijaenea vijiji vya Masisi, na Walikale iko mbali zaidi, ndani ya msitu. Pale Kilambo, kwa miaka mingi ndege ndogo zilikuwa zinatua juu ya barabara ya lami kuchukua kasiteriti, kwa sababu njia ya gari ilikuwa mbaya mno.

Mtego wa grupu

Wengine watasema: basi, tutachaji kwa grupu. Hapo hesabu ni muhimu.

Grupu ndogo ya esansi inatoa kama kilowati-saa 2 kwa litri moja. Kilowati-saa ni kile kipimo ambacho mita ya umeme inahesabia. Kwa kilowati-saa 2, gari ya umeme inafanya kilometa kama 10. Gari ya esansi ikipewa litri ile ile, inafanya kilometa kama 12. Kwa hiyo kuchaji gari kwa grupu ni kuchoma esansi kwa kuzunguka. Mwenye gari ananunua mafuta yale yale kwa kadafi, halafu anaongeza grupu, oili na makelele.

Jua linaweza kusaidia, lakini kwa kipimo chake. Paneli moja ya wati 400, ikipata saa 4 za jua kali, inatoa kama kilowati-saa 1.6 kwa siku. Kujaza betri ya ile gari ndogo kwa siku moja kunaomba paneli 15 na zaidi. Tena mvua na mawingu ya Walikale yanapunguza hesabu hiyo.

Moto ya umeme: hapo kuna matumaini

Hesabu inabadilika ukishuka toka kwenye gari. Moto ya esansi inakula kama litri 2 na nusu kwa kilometa 100. Moto ya umeme inaomba kilowati-saa 3 ao 4 kwa mwendo huo huo. Betri yake ni ndogo: paneli mbili za wati 400 zinaweza kuijaza kwa siku ya jua zuri, na inampeleka motari kilometa 60 mpaka 80.

Mjini Kigali, kampuni Ampersand ilianza moto za umeme mwaka 2019. Motari hangoji kuchaji: anaacha betri iliyoisha kituoni na kuchukua iliyojaa. Tangu Januari 2025, moto mpya za taksi zinazoandikishwa katika mji ule ni lazima ziwe za umeme. Lakini Kigali ina lami, na vituo viko karibu karibu. Toka Goma mpaka Sake, kilometa kama 25, jambo hilo linaweza kufikiriwa. Toka Sake kupanda Masisi, hapana kwanza, mpaka kuwe na mahali pa kubadilishia betri njiani.

Fundi na waya za rangi ya machungwa

Land Cruiser ikiharibika Nyabiondo ao Mweso, fundi wa kijiji anaweza kuitengeneza kwa funguo na waya. Hibridi na umeme vinaomba kompyuta ya kusoma makosa na piesi zisizopatikana kila soko.

Tena kuna hatari ya kifo. Betri ya Prius ina volti zaidi ya 200. Waya zinazobeba umeme huo zina rangi ya machungwa, ili fundi azitambue. Mtu asizikate, asizifungue, wala asizioshe kwa maji ya nguvu kama hajafundishwa. Hata gari ikiwa imezimwa, umeme unaweza kubaki ndani kwa dakika kadhaa.

Madini yanatoka huku, gari linabaki kule

Kuna jambo moja linalouma. Koltani ya Rubaya, wilayani Masisi, inahesabiwa kuwa kama asilimia 15 ya koltani ya dunia. Bati la Bisie, wilayani Walikale, ni karibu asilimia 6 ya bati la dunia. Bati ndilo linalounganisha vipande vidogo ndani ya kila chombo cha elektroniki, na tantali ya koltani inatumika katika vipande vinavyotunza umeme kidogo kidogo. Gari ya umeme na ya hibridi zina elektroniki mingi. Kobalti ya betri nayo inatoka kwa wingi Kolwezi, katika nchi hii hii.

Lakini madini kutoka hapa hakuifanyi gari iwe ya bei ndogo hapa. Kinachoweza kupunguza bei ya gunia kwa haraka ni barabara iliyotengenezwa: hata lori la mazutu linakula mafuta kidogo lisipokwama.

Kabla ya kutoa pesa, uliza

Gari itafanya kazi wapi, Goma ao mlimani? Kama ni mlimani, pima kwanza urefu wake toka udongo.

Umeme utatoka wapi? Kama jibu ni grupu, acha. Kama una mita, linganisha bei ya kilowati-saa 2 na bei ya litri moja kwa kadafi wa kwenu. Umeme ukiwa chini, kuna faida.

Betri ina miaka mingapi? Hibridi ya miaka 10 inaweza kuuzwa bei ndogo kwa sababu betri imechoka. Uliza bei ya betri nyingine kabla ya kuuliza bei ya gari.

Na mwisho: nani ataitengeneza? Tafuta huyo fundi kwanza, umwone kwa macho, ndipo utafute gari.