Mwani wa pwani na ngozi ya bara: neema ya bahari iliyofika Dodoma

Dodoma haina bahari. Kutoka mjini hapo hadi ufukwe wa Dar es Salaam ni mwendo wa kilomita zipatazo 450, na mji wenyewe umekaa juu ya uwanda wa zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Hata hivyo, tangu treni ya umeme ilipoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, kifurushi cha sabuni ya mwani kinachotoka pwani asubuhi huweza kufika mikononi mwa mwenyewe kabla ya Adhuhuri. Ijumaa hii tumeona ni vyema tuzungumzie kile ambacho bahari inaweza kuifanyia ngozi na nywele za mkazi wa bara, na kile isichoweza.

Kwa nini ngozi huteseka Dodoma

Mvua ya Dodoma haifiki milimita 600 kwa mwaka wa kawaida, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki ni ya ukavu, na kuanzia Juni hadi Agosti huongezeka baridi na upepo wenye vumbi. Hewa kavu hunyonya unyevu wa ngozi. Midomo hupasuka, mikono huwa na ukurutu, na visigino hufanya magaga.

Aidha, sehemu kubwa ya maji ya mji hutoka katika visima virefu vya bonde la Makutupora. Maji ya chini ya ardhi yaliyopita katika miamba hubeba madini, hasa chokaa. Sabuni ikikutana na madini hayo haitoi povu jepesi, bali hufanya utando mweupe unaobaki kwenye beseni, kwenye ngozi na kwenye nywele. Muislamu anayetawadha mara tano kwa siku huosha uso, mikono na miguu kwa maji hayo, na kila mara mafuta ya asili ya ngozi hupungua kidogo. Hili si jambo la kulalamikia, kwani twahara ni ibada. Ni jambo la kutafutiwa dawa.

Dawa ya haraka inayoharibu

Wapo dada zetu ambao wakiona uso umefifia hukimbilia mkorogo. Wanachanganya krimu wasizozijua, nyingine zikiwa na zebaki, haidrokwinoni au dawa kali za steroidi. Kwa wiki chache za mwanzo ngozi hung'aa. Baadaye huwa nyembamba, jua huiunguza, na mabaka meusi hutokea mashavuni. Zebaki haiishii juu ya ngozi. Huingia mwilini ikadhuru figo na mishipa ya fahamu, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto aliye tumboni.

Vipodozi vyenye viambato hivyo ni marufuku nchini Tanzania, na usimamizi wa vipodozi ulihamishiwa Shirika la Viwango (TBS) mwaka 2019. Mwaka 2023 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata nazo zilikubaliana kuondoa kabisa vipodozi vyenye zebaki ifikapo 2025. Lakini marufuku ya serikali haitoshi iwapo mama ndiye anayemnunulia binti yake kopo lisilo na jina. Dini yetu inakataza mtu kujidhuru na kuwadhuru wengine, na katazo hilo linaanzia nyumbani.

Bahari katika mafundisho yetu

Katika Suratun-Nahl na Suratu Fatir, Mwenyezi Mungu anatukumbusha kwamba kutoka baharini tunapata nyama laini na mapambo ya kuvaa. Mtume Muhammad (S.A.W.) alipoulizwa kama inafaa kutawadha kwa maji ya bahari, aliruhusu, na akabainisha kuwa vilivyofia humo ni halali. Vilevile alihimiza mwenye nywele azitunze kwa heshima.

Pwani yetu ina historia katika jambo hili. Msafiri Al-Masudi, aliyefika Afrika Mashariki katika karne ya 10, aliandika kwamba ambari bora ilipatikana katika pwani ya Zanji. Ambari ni kitu kitokacho kwa nyangumi na kutupwa ufukweni na mawimbi, nacho kilithaminiwa sana na watengenezaji wa manukato. Bara na pwani nazo hazikuwa mbali kama tunavyodhani. Katika karne ya 19 misafara ya Bagamoyo ilikatiza Ugogo ikielekea Tabora na Ujiji, na ilibidi ilipe hongo kwa watemi ili ipate maji na chakula.

Mwani na wanaoulima

Mwani unaolimwa kwetu ni wa aina mbili kuu, spinosamu na kotonii. Kilimo chake cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, katika vijiji vya mashariki ya Unguja kama Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Utafiti wa Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulikuwa umetangulia kuonesha njia. Leo wakulima wengi wa mwani ni wanawake. Maji yakitoka huingia baharini kufunga vipando kwenye kamba, na baada ya wiki sita hivi huvuna na kuanika.

Kwa miaka mingi walichouza ni mwani mkavu tu. Ng'ambo hutolewa humo utomvu uitwao karajini, unaotiwa katika dawa za meno, losheni na vyakula. Mkulima hupata kidogo, na anayesindika hupata kingi. Tena bahari imezidi joto, na kotonii, wenye bei nzuri zaidi, umekuwa ukifa katika maji mafupi. Ndiyo maana kuanzia mwaka 2006 Dk. Flower Msuya na wenzake waliwafundisha akina mama kuusaga mwani na kutengeneza sabuni kwa mafuta ya nazi, karafuu na mdalasini. Familia ya Dodoma inaponunua kipande cha sabuni hiyo, senti nyingi zaidi hubaki kwa mama aliyesimama majini.

Matumizi ya nyumbani

Sabuni ya mafuta ya nazi ina sifa ya kutoa povu hata katika maji ya chumvi, na zamani ilipendwa na mabaharia kwa sababu hiyo. Kwa hiyo hufaa kuliko nyingi penye maji magumu. Baada ya kuosha nywele, maji ya mwisho yatiwe ndimu kidogo ili utando wa chokaa utoke, kisha zisuuzwe tena.

Anayetaka jeli ya mwani achukue konzi moja ya mwani mkavu, aisuuze mara nne kuondoa mchanga na chumvi, na ailoweke usiku kucha. Asubuhi auchemshe kwa vikombe vitatu vya maji, moto mdogo, hadi ulainike, kisha auchuje. Ukipoa utaganda. Upakwe usoni au kwenye nywele zilizooshwa kwa dakika 15, na uoshwe. Jeli hii haina kihifadhi, hivyo ikae ndani ya friji na itumike kwa siku chache tu. Asiye na friji atengeneze ya siku moja.

Jeli hushika maji juu ya ngozi, lakini hewa ya Dodoma itayanyonya yasipofunikwa. Ngozi ikiwa bado na unyevu, ipakwe mafuta kidogo. Hapo bara ina mchango wake, maana alizeti ya Dodoma na Singida hufanya kazi hiyo vizuri. Jeli ioshwe kabla ya udhu isije ikakauka na kuzuia maji. Mafuta mepesi yasiyoweka tabaka hayana tatizo.

Kwa magaga, vijiko viwili vya chumvi laini ya bahari vichanganywe na kijiko kimoja cha mafuta ya nazi, visugue visigino mara moja kwa wiki. Chumvi isipakwe usoni, kwenye nyufa zinazotoa damu, wala kwa watoto wachanga. Mwenye kisukari asisugue miguu yake kabisa bila ushauri wa daktari.

Tahadhari ya mwisho

Mwani si dawa ya kila ugonjwa. Anayeuza mwani akidai unatibu saratani au unageuza rangi ya ngozi anadanganya. Ngozi yenye vipele visivyopona ipelekwe hospitali. Kila kitu kipya kijaribiwe kwanza ndani ya mkono, na kisubiriwe siku moja. Aliyekwisha zoea mkorogo asione haya kumweleza daktari, kwa kuwa kuacha ghafla krimu zenye steroidi kunaweza kuichafua ngozi zaidi.

Wazazi, tuwafundishe mabinti zetu kwamba rangi waliyoumbwa nayo haina kasoro. Kinachohitaji kutibiwa ni ukavu, na ukavu una tiba nafuu. Tunamuomba Mwenyezi Mungu atupe afya na atuwezeshe kuzitumia neema zake kwa shukrani.