Mshale Usio na Sumu

Vijana wa Lweba, kwetu Kongo, wakinipigia simu ya video na kuniona nimeshika upinde, swali huwa lile lile: "Yaya, huo ni dola ngapi?" Hakuna anayeuliza juu ya mshale. Siwalaumu. Upinde wenye kapi mbili, nyaya zinazopishana na darubini ndogo ya kulengea unapendeza machoni. Ila kazi ya upinde inaisha pale upote, yaani kamba yake, unapouachia mshale, na kuanzia hapo mzigo wote ni wa mshale.

Mimi ni mtoto wa kando ya Tanganyika, kwenye ndagala na mitumbwi. Vita ya Kongo ya 1996 ilituvusha ziwa hadi Kigoma, Tanzania, tukalelewa kambini Nyarugusu, na mwishowe wengi wetu wa Fizi tukatawanywa katika majimbo ya Marekani. Mimi niliangukia Missouri, na kumbe upinde wa kapi ulizaliwa jimbo hili hili. Holless Wilbur Allen aliomba hataza yake mwaka 1966 akaipata 1969. Kapi zimewekwa ili ukishavuta mpaka mwisho, mkono ubaki na sehemu ndogo tu ya uzito, nawe umsubiri swala wa huku ageuke ubavu. Ukiachia, nguvu yote iliyolala kwenye upinde inausukuma mshale kwa nyuma, nao unajikunja kabla ya kunyooka. Ukijikunja kupita kiasi, au usipojikunja vya kutosha, unaondoka ukitikisa mkia.

Ndiyo maana wano, yaani mwili wa mshale, huuzwa kwa namba ya ugumu. Kiwandani hulilaza juu ya vishikizo viwili vilivyoachana inchi 28, wakaning'iniza katikati uzito wa gramu 880, kisha wakapima limebonyea kiasi gani. Namba 340 maana yake limebonyea inchi 0.340, hata milimita tisa hazifiki. Namba 500 ni laini zaidi. Wengi hudhani namba kubwa ndiyo ngumu, wakanunua kinyume. Tena ugumu huo haukai palepale: ukikata wano likawa fupi, linakuwa gumu, ukilitia chembe, yaani kichwa cha mshale, kizito mbele, linakuwa laini. Basi ninaamua uzito wa chembe kwanza, halafu ndipo ninanunua mawano.

Kwa nini uzito unisumbue hivyo? Wahadzabe wa Ziwa Eyasi huwinda kwa mishale ya miti yenye manyoya ya ndege, na vyembe vingine hufuliwa kutokana na misumari. Waata wa upande wa Tsavo, Kenya, waliangusha hata ndovu. Siri yao kwa mnyama mkubwa ni sumu: mshale ukishapenya ngozi na kufika kwenye damu, sumu inamaliza kazi. Hapa sumu ni marufuku, nami naona ni haki. Lakini mshale usio na sumu lazima ukate wenyewe, uingie ubavu huu utokee ule, upitie mapafu. Ukivunjika njiani, mnyama anakwenda kufia mbali kwa mateso.

Daktari Ed Ashby, Mmarekani aliyejaribu mishale kwa wanyama wakubwa kusini mwa Afrika, anasifu mshale mzito wenye uzito mwingi mbele. Wafuasi wake wengine wamezidisha, wanatengeneza mshale wa nyati kwenda kumwindia swala. Wangu una gramu 30 hivi, unanitosha.

Mshale wa kaboni kama wangu huvunjika zaidi pale mbele, nyuma kidogo ya chembe, unapogonga mfupa au jiwe. Hapo ndipo pa kutumia muda. Nakata wano kwa msumeno wa umeme wenye jiwe la kusaga, nimevaa barakoa, kwa sababu vumbi la kaboni si la kuvuta. Kisha nasugua mdomo wake kwenye msasa huku nauzungusha, mpaka uwe sawa pande zote. Ndani napangusa kwa spiriti, naingiza kile kichuma chenye nyuzi za skrubu kwa gundi ya kuchanganya, na nje navisha pete ya chuma kuzuia mdomo usipasuke. Vinalala mpaka kesho. Gundi ya kuyeyusha kwa moto ni ya haraka, lakini kwa mshale wa kuwindia siitaki. Asubuhi nauviringisha juu ya vishikizo viwili: ncha ya chembe ikicheza hata kidogo, narudia.

Kuulinganisha na upinde huanzia kwenye karatasi iliyowambwa kwenye fremu. Nasimama hatua chache, napiga. Tundu moja lenye mipasuko ya manyoya ni habari njema. Mkia ukichana juu, upote unaushika mshale juu mno, nashusha. Ukichana kando, nasogeza kilalio cha mshale kidogo mno, na kisipotii najua wano si la upinde huu. Halafu napiga mshale mmoja usio na manyoya pamoja na wenye manyoya. Manyoya huficha makosa, kwa hiyo ule ulio uchi ndio ninaouamini. Yote ikikaa pamoja, nafunga vyembe vya kuwindia na kujaribu upya, maana bapa zake hushika upepo.

Vijana huniuliza pia kama ningewatumia mishale waende nayo Itombwe, kule kule Kongo. Hapana. Ile ni hifadhi tangu 2006, kuna sokwe na gorila mle, na mshale hauna mlio wa kumwamsha mlinzi.

Mshale uliorudi kutoka mawindoni naosha, nanoa chembe mpaka kinyoe nywele za mkono, kisha naukunja taratibu karibu na sikio, nikiuzungusha. Ukitoa mlio wa kupasuka, hata kama ufa hauonekani, haurudi kwenye podo: kaboni iliyopasuka inaweza kuvunjikia kwenye upote na kukuchoma mkono. Naukata vipande viwili hapo hapo, mtoto asije akauokota.